Marehemu Elinaja Apanda Ngomeni

Basi la kukodi lilisimama mwanzoni mwa soko la Walthamstow asubuhi ya Jumamosi, wiki mbili baada ya Pasaka, wakati wachuuzi wakiwa bado wanaunganisha mabomba ya vibanda vyao. Haika alifika na binti yake Ndeshi, chupa mbili za chai, ndoo ya vitumbua, na mfuko wa kitambaa ambao hakutaka mtu amshikie. Mumewe, Elinaja, alikuwa ametangulia. Alikuwa kwenye foleni nyuma ya Mama Margaret, amevaa suti ya kahawia aliyochaguliwa kuzikwa nayo. Mabega ya koti yalikuwa yamelowa, kwa kuwa barafu ilikuwa imeanza kumyeyukia.

Elinaja alikuwa amefariki mwezi Novemba, kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege, akifunga wavu juu ya shehena ya waridi. Moyo ulisimama kabla wavu haujakaza. Tangu siku hiyo alikuwa kwenye jokofu la nyumba moja ya mazishi huko Leyton. Mwenye nyumba hiyo, mtu wa utaratibu, alikuwa akimruhusu kutoka Jumamosi kwa sharti arudi kabla hawajafunga.

“Umelalaje, Baba Ndeshi?” aliuliza Haika.

“Chali,” alisema Elinaja.

Faustine, mwenyekiti wa chama cha Watanzania wa mashariki ya London, alipita katikati ya basi akihesabu vichwa. Mara ya kwanza alimhesabu Elinaja, mara ya pili akamruka, na kwa kuwa hesabu hazikulingana alimwita pembeni Mama Margaret, muuguzi mstaafu ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la kamati nzima.

“Marehemu akae dirishani,” alisema Mama Margaret. “Viti vipo. Ila vitumbua asipewe, atavigandisha tu.”

Wa mwisho kufika alikuwa Evans, kaka yake Elinaja, aliyetoka Hounslow alikokuwa wakala wa kuuza nyumba. Alipanda akiwa na glavu, mwavuli mkono wa kulia na katoni ya juisi mkono wa kushoto. Aliwasalimu wote kwa kuinamisha kichwa. Haika aliitazama ile mikono, akauweka mfuko wake mapajani.

Kilichomweka Elinaja kwenye jokofu miezi yote hiyo kilikuwa rahisi kueleza. Kwao Machame, kihamba cha baba, yaani lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya wazazi, humwangukia kitinda mimba, na Elinaja ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Lakini huko hakuna anayeshika kihamba kwa maneno. Kinachoshika ni kaburi. Baba amelala pale, babu amelala pale, na anayezikwa pale huwaachia watoto wake mahali pa kusimama ambapo hakuna baba mkubwa anayeweza kuwaambia wasogee. Mtoto ambaye baba yake hana kaburi kihambani ni mgeni. Atakaribishwa, atapewa chai, kisha ataulizwa anaondoka lini.

Kwa sheria ya Uingereza, Haika angeweza kumsafirisha mumewe wiki ileile aliyofariki. Tatizo lilikuwa kwenye kuchimba. Wazee wa ukoo walisema hawagusi jembe bila neno la Evans, mwana mkubwa aliyebaki, na Evans alikuwa na neno moja tu: Elinaja azikwe London. Alilisema kwa upole, na kila alipolisema lilizidi kuonekana la busara.

“Shemeji, Ndeshi yuko hapa. Kaburi la baba yake liwe mahali anapoweza kwenda na maua baada ya kanisa. Tusiishi kizamani.”

Haika alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya London, na hakuwa na tabia ya kutoa majibu ya kitu ambacho hajakipima. Majira yote ya baridi alipima njia zilizobaki, akabakiwa na moja. Alizaliwa Upareni na kukulia Tanga. Desturi za Machame alizijua kwa kuolewa. Mkwe wake alikuwa amemwambia kwamba mtu akikujia na jani la isale lililofungwa fundo, hata kama amekuulia ng’ombe, humkatalii. Ukilipokea mkononi, limekufunga. Mmea wenyewe ndio ule unaopandwa mipakani na makaburini kule mlimani, na London unauzwa dukani kama pambo la sebuleni. Haika alinunua mmoja, akakata jani refu kuliko yote, akalifunga fundo, akaliviringisha kwenye kitambaa kibichi na kulitia mfukoni. Kilichobaki kilikuwa kuliweka kwenye mkono wa Evans mbele ya mashahidi.

Njiani mvua ilianza, ikakatika, ikaanza tena. Faustine alisimama karibu na dereva akashika kipaza sauti.

“Ndugu zangu, tunakwenda kutembelea ngome ambayo imekaa juu ya kilima kwa muda wa karne saba. Ni urithi wa dunia. Naomba asitokee mtu wa kuuliza kama kuna nyama choma.”

“Nyie Wahaya hampiti mahali bila kuhutubia,” alisema Mama Margaret. “Kaa chini, Mwenyekiti, basi linakata kona.”

“Mama, mimi nimesomea historia.”

“Na dereva kasomea kuendesha. Kaa.”

Kioo cha upande wa Elinaja kiliganda barafu kwa ndani. Ndeshi, ambaye alikielewa Kiswahili chote lakini alijibu kila kitu kwa Kiingereza, alichora juu yake kwa ukucha nyumba, paka na mti. Alimuuliza baba yake kama kwenye jokofu kuna giza. Elinaja alimjibu kwa Kiswahili kwamba taa huwaka mlango ukifunguliwa, kama jokofu lolote. Haika alimmiminia chai, naye akakishika kikombe kwa mikono miwili hadi chai ikapoa, jambo ambalo halikuchukua muda. Kisha akairudisha, naye Haika akaimwaga.

Ngome ilikuwa juu ya kilima kilichosimama peke yake katikati ya mashamba tambarare, kama mtu aliyekataa kukaa. Kuta zilikuwa za mawe ya kijivu. Upande mmoja zilikuwa zimeanguka, upande wa pili kulikuwa na mnara mzima. Njia ya kupanda ilikuwa ya matope na changarawe nyeupe. Tangu afe, Elinaja alikuwa anatembea kama mtu aliyebebeshwa kabati, lakini njia ilipoanza kuinuka alitangulia wote, bila kuhema, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kuhema.

“Mteremko, kama kwetu,” alisema alipofika juu, akawangoja.

Getini walipokelewa na mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha bluu na koti la mvua lenye nembo ya ngome. Aliwasikia wakiongea, akafunga kitabu alichokuwa akisoma.

“Karibuni, karibuni. Mimi ni Balbir, kwetu Nakuru. Mmetoka wapi nyinyi? Bongo? Nimejua kwa Kiswahili, ni cha kupendeza sana.” Alikata tiketi za kundi zima bila haraka, kisha akamtazama Elinaja. “Huyu amekufa?”

“Ndiyo,” alisema Haika.

“Pole, mama. Wafu wanaingia bure. Lakini asiegemee ukuta. Unyevu unaharibu chokaa.”

Kando ya geti, upande wa nje, alisimama mwanamke mwenye joho la kijivu lililolowa, pamoja na watoto wawili walioshika pindo lake. Mvua ilikuwa imekatika, lakini wao waliendelea kudondokewa na maji. Wageni waliokuwa wakiingia walimzunguka kama wanavyozunguka nguzo. Evans alimwambia, “Samahani, mama,” akapita.

“Huyu anasubiri nini?” Haika alimuuliza Balbir.

“Huyo ni wa zamani. Bwana yake ndiye alikuwa mwenye hii ngome. Alikwenda vita Ufaransa, akafa. Ndugu yake akasema wamzike huko huko, ni mbali, ni joto, mambo mengi. Halafu mama akarudi hapa na watoto. Wakamuuliza, bwana yako amelala wapi humu ndani? Akakosa mahali pa kunyoosha kidole. Basi.”

“Na huyo ndugu?”

“Yuko ndani, kwa kanisa. Wa mawe. Ana mbwa miguuni. Watoto wanapenda sana huyo mbwa.”

“Na huyu hamwezi kumwingiza?”

“Nimeuliza ofisini, mama. Si mara moja. Wanasema hana tiketi, na kumkatia mtu wa zamani hakuna utaratibu. Baridi ikizidi mimi nampatia chai.”

Haika alifungua chupa, akammiminia. Yule mwanamke alikunywa kidogo, akawapa watoto, akarudisha kikombe na kusema neno moja lililofanana na Kifaransa. Hakuonekana kuwa na haraka. Kwenye ukuta nyuma yake, mahali alipokuwa akiegemea, jiwe lilikuwa limeliwa likafanya umbo la mgongo.

Haika alirudisha chupa kwenye kikapu, akaushika vizuri mfuko wake. Alikuwa amekusudia kungoja chakula cha mchana. Sasa aliona hakuna sababu ya kungoja.

Alimkuta Evans kanisani, kwenye chumba kidogo kisicho na paa upande mmoja. Bwana wa jiwe alikuwa amelala chali juu ya kaburi lake, mikono imekutana kifuani, mbwa ameinua pua. Evans alikuwa akimpiga picha.

“Shemeji,” alisema Haika, “naomba mkono wako.”

“Ngoja kidogo, shemeji, nimeshika simu.”

Alingoja. Evans alipomaliza kupiga picha alichukua koti la Ndeshi, akasema mtoto amechoka kulibeba. Kwenye magofu ya jiko alikuwa na koti hilo na mwavuli. Kwenye kisima alikuwa na koti, mwavuli na mkoba wa Mama Margaret. Haika hakuwa mtu wa kukimbizana na mtu mbele ya watu, kwa hiyo alifuata nyuma, hatua chache, jani likiwa limelala mfukoni. Elinaja alitembea kando yake. Alikuwa akizitazama kuta kwa umakini wa mtu aliyewahi kujenga.

“Aliyejenga hapa alijua maji yanakwenda wapi,” alisema.

Baada ya kisima Haika alimwona Evans amerudi na Mama Margaret mlangoni mwa kanisa. Alikuwa anauliza kitu kwa sauti ndogo. Mama Margaret, mzaliwa wa Machame ambaye hupenda kuulizwa mambo ya zamani, alieleza kwa mikono: alinyoosha mmoja kama anayetoa, kisha akakutanisha yote miwili kama anayepokea, kisha akagusa kifua. Alirudia mara ya pili ili aeleweke. Evans alishukuru, akamrudishia mkoba wake.

Kisha wote walipanda mnara.

Ngazi zilikuwa nyembamba na za kuzunguka, na Faustine alizitolea maelezo hadi pumzi ilipomwishia. Juu kulikuwa na sakafu ya mawe na ukuta wa kufika kifuani. Mashamba yalionekana hadi mbali, ya kijani na ya kahawia, na wingu lilikuwa likivuta mvua juu yake kuelekea mashariki. Elinaja alikwenda upande wa kusini-mashariki akasimama.

Tangu afariki, macho yake yalikuwa yameongezeka urefu. Mwezi Januari, akiwa dirishani kwenye jiko la nyumbani kwake Walthamstow, alikuwa akiwasomea majina ya meli zinazoingia mtoni Tilbury. Mjini majengo humzuia. Pale juu hapakuwa na kitu cha kumzuia.

“Machame kunanyesha,” alisema.

“Ni masika,” alisema Haika. “Unaona nini kingine?”

“Naona kwetu. Watu wanachimba.”

“Wanachimba nini?”

“Msingi. Mmoja amevaa koti la mvua la njano, wengine wamejifunika viroba. Wamefika kwenye kaburi la baba, wamelizunguka. Sasa wako pale kando.”

“Kando ipi?”

“Pale pangu,” alisema Elinaja.

Watu waliokuwa karibu walisogea, kwa adabu, ili kusikia. Elinaja aliendelea kwa sauti ileile. Alisema migomba mitatu imekatwa na mikungu yake haijakomaa. Alisema masale ya mpakani yameng’olewa na kurundikwa kando ya barabara, na mbuzi wa jirani anayala. Alisema tofali zimeshushwa penye kivuli cha mti mkubwa wa kahawa, lori limeacha alama ya matairi hadi mlangoni mwa mama.

Faustine alimgeukia Evans. “Ndugu yangu, kuna ujenzi?”

“Wanafanya kazi leo?” aliuliza Evans. “Na mvua hiyo? Nimewaambia mafundi wangoje ardhi ikauke. Watu hawasikii.”

“Unajenga, shemeji?” aliuliza Haika.

“Nyumba ya kawaida tu, ya familia. Kihamba kikikaa bila mtu, majirani wanasogeza mipaka, unajua walivyo. Ningewaambia baada ya mazishi. Sikutaka kuchanganya msiba na saruji.”

“Hilo nalo neno,” alisema mtu mmoja nyuma. Wengine waliitikia kwa vichwa. Nyumba ni jambo jema, na kila mmoja pale juu alikuwa na nyumba aliyoianza kwao au aliyotamani kuianza.

“Amejenga mahali pa kaburi la mume wangu,” alisema Haika. “Ndiyo maana anataka azikwe hapa. Si maua ya Ndeshi.”

Faustine aliweka sawa skafu yake. “Mama Ndeshi, tunakuheshimu. Na marehemu tunamheshimu. Lakini chama kilishaamua kwamba marehemu hatoi ushahidi kwenye shauri linalomhusu mwenyewe. Tuliamua hivyo wakati wa Korona, walipokuwa wengi. Vikao vilikuwa haviishi.”

“Sijatoa ushahidi,” alisema Elinaja. “Nimeulizwa ninachoona.”

“Kwa heshima, Baba Ndeshi.”

Elinaja aligeukia tena kusini-mashariki. Alikuwa mwanachama tangu chama kianze, na uamuzi ule aliupigia kura mwenyewe.

Haika alifungua mfuko. Alitoa kitambaa, akakifungua, akalitoa jani la isale, bado bichi, na fundo lake katikati. Minong’ono ikakatika, kwa kuwa hata wasiotoka mlimani walijua ni nini. Alisimama mbele ya Evans, akalinyoosha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama mkwe wake alivyomfundisha.

Alikuwa amejiandaa kwa mwavuli, kwa simu, kwa koti la mtoto. Evans alikunja mwavuli akauegemeza ukutani. Alimrudishia Ndeshi koti lake. Alivua glavu, kwanza moja, kisha nyingine, akazitia mfukoni. Halafu akalipokea jani kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

“Nimelipokea,” alisema. “Mbele ya Mwenyekiti, mbele ya Mama Margaret, mbele ya mdogo wangu Elinaja mwenyewe. Shemeji, nimekusamehe yote.”

“Sikuja kuomba msamaha,” alisema Haika.

“Mae, mwanangu,” alisema Mama Margaret kwa upole, “isale ukimpelekea mtu halina kazi nyingine. Anayelileta ndiye aliyekosa. Anayelipokea ndiye aliyekosewa. Umelitamka mwenyewe kwa mkono wako.”

“Nimelileta ili asinikatalie.”

“Na hajakukatalia.”

Haika alizungusha macho akiwatazama mmoja mmoja. Walikuwa watu wazuri. Wengi walikuwa wamelala sakafuni kwake wiki ya kwanza ya msiba, wakampikia, wakamwogeshea mtoto. Aliona kwenye nyuso zao kwamba wamefarijika. Aliirudia ile kanuni kichwani, sehemu kwa sehemu, akaona hakuna aliyemdanganya. Mkwe wake alimwambia ukweli, ila alimweleza kama mtu wa kwao, ambaye hakuna haja ya kumwambia jani hupelekwa na nani. Yeye alishika matokeo, hakushika chanzo. Kazini, kwa kosa la namna hiyo angeirudisha sampuli na kuomba nyingine. Hapa sampuli ilikuwa imeshapokelewa.

“Basi yameisha,” alisema Faustine, na sauti yake ilikuwa na shukrani. “Isale likipokelewa hakuna rufaa. Evans amesamehe, mjane amenyenyekea, marehemu atazikwa hapa London, karibu na mwanawe. Tumshukuru Mungu.”

Walipiga makofi. Watalii wengine waliokuwa mnarani, wazee wawili wenye fimbo za kutembelea, walipiga makofi nao.

Elinaja alikuwa bado anatazama kusini-mashariki. Haika alikwenda kusimama naye. Baridi yake ilipenya koti lake ubavuni, kama ilivyokuwa ikipenya kila Jumamosi.

“Huko makaburini mtakakonipeleka,” aliuliza Elinaja, “kuna mteremko?”

“Hakuna,” alisema Haika. Alikuwa amekwenda kupaangalia Desemba, peke yake, ili ajue. “Ni tambarare.”

“Maji yatasimama,” alisema Elinaja.

Walikula chakula chao kwenye nyasi za uani. Kulikuwa na pilau, kuku wa kukaanga, kachumbari na vile vitumbua. Evans aligawa juisi, mikono ikiwa mitupu na myepesi, akamsifia Haika vitumbua mara mbili. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na kinyongo. Ndeshi alikwenda kumwona mbwa wa jiwe, akarudi akasema kwa Kiingereza kwamba pua yake imelainika kwa kushikwa.

Walipotoka, Balbir aliwapungia mkono na kuwaambia warudi kiangazi, wakati matope yamekauka. Nje ya geti yule mwanamke wa joho la kijivu alikuwa amesogea kidogo pamoja na watoto wake. Ukutani pembeni yake palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mmoja mzima na mtoto. Haika alimshika Ndeshi mkono, akapita.

Walifika Leyton kabla nyumba ya mazishi haijafungwa. Elinaja alifuta viatu mlangoni, akamshika binti yake kichwani kwa muda mfupi ili asimgandishe, akamwambia Haika asisahau kupeleka gari ukaguzi. Mwenye nyumba alimfungulia mlango na kumshukuru kwa kufika kwa wakati.

Alizikwa Mei, kwenye makaburi makubwa ya mashariki ya jiji, mtaa wa mwisho, karibu na uzio wa reli. Evans alihutubia. Alisema mdogo wake amelala katika nchi iliyomlisha, na watu waliona amesema vema. Alitupa udongo wa kwanza. Maji yalisimama kaburini, kina cha kidole, na jeneza lilipofika chini lilitoa sauti. Tangu siku hiyo Elinaja hakutoka tena Jumamosi.

Mwezi uliofuata udongo juu ya kaburi ulianza kuinuka. Kwanza Haika alidhani ni kawaida, halafu akasoma, akajua kwamba kawaida ni kudidimia. Kufikia Julai kilikuwa kilima cha kufika magotini, kufikia Agosti kifuani. Kilikuwa na mteremko mzuri upande wa kusini-mashariki. Mfanyakazi wa makaburi, kijana mwenye adabu aliyevaa fulana ya njano, alikuja kila Jumatatu na koleo akakisawazisha, kwa sababu kulikuwa na kanuni kuhusu urefu. Kila Jumamosi kilikuwa kimerudi. Alimwambia Haika kwamba hana ugomvi nacho, ila udongo wenyewe si wa hapa. Wa hapa ni mfinyanzi. Huu ni mweusi, mwepesi, haushiki koleo.

Haika alichukua kijiko kimoja cha udongo huo, akaukausha, akauangalia kwa hadubini kazini wakati wa mapumziko. Ulikuwa udongo wa volkano, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mizizi ya mti wa kahawa. Aliosha kioo, akakirudisha mahali pake.

Nyumba ya Machame ilikamilika kabla ya Krismasi. Evans alituma picha kwenye kundi la chama: kuta za rangi ya krimu, bati la bluu, madirisha ya kioo, baraza la vigae. Watu walimpongeza hadi simu ikazima. Alieleza kwamba kila kitu kimekwenda sawa, isipokuwa uani, kando ya kaburi la baba, ardhi inatitia kidogo kidogo na limetokea shimo ambalo halijai. Haliwasumbui. Wapangaji wamelifanya la takataka.

Haika aliisoma habari hiyo akiwa ndani ya basi kuelekea makaburini, akiwa na Ndeshi aliyeshika maua. Kilima kilikuwa kimerudi, kama kila Jumamosi. Kwenye mteremko palikuwa na maganda ya mayai, mkaa, vizibo vya soda na mfuko wa plastiki uliochungulia nusu, na mwingine ulikuwa unakuja chini yake. Ndeshi aliuliza ni nani ametupa takataka hizo hapo. Haika alimwambia ni za baba yake mkubwa. Kisha alivaa glavu alizozitoa kazini, akapiga goti, akaanza kuziokota na kuzitia kwenye pipa lililo kando ya njia, na Jumamosi iliyofuata akaja tena.